Mama anaona watoto wasiokuwepo uani: ni macho au ni akili?

*«Shikamoo daktari. Mama yetu ana miaka 73, yuko kijijini mkoa wa Shinyanga na kaka yangu na wifi. Mimi niko Dar es Salaam. Miaka miwili iliyopita tulifurahi maana alianza kutunga uzi kwenye sindano bila miwani, tukasema macho yamerudi. Sasa akimimina uji unamwagika nje ya kikombe, na watu wanalalamika kwamba anawapita njiani bila salamu. Mwezi uliopita alimwambia wifi kwamba jioni anaona watoto wadogo wenye nguo nyeupe wamesimama kando ya zizi. Hawasemi kitu, na akisogea wanapotea. Wifi akamwambia jirani, sasa maneno yamesambaa. Macho yake ni mekundu siku zote. Kaka anataka kumpeleka kwa mganga, wengine wanasema ni wazimu wa uzee. Nilituma hela akanunuliwa matone duka la dawa, wekundu ukapungua lakini kuona ni kulekule. Upasuaji hataki kusikia, anasema jicho linatolewa nje linaoshwa. Je, haya ni macho au ni akili? Na nimlete Dar?»*

Marahaba, binti yangu. Nianze na hilo linalokunyima usingizi. Kwa jinsi ulivyoeleza, dalili nyingi zinaelekea kwenye macho, na hata wale watoto wa kando ya zizi wanaweza kuwa wametokana na macho hayohayo. Siwezi kumpima mtu kwa barua, na hapo chini nitakuambia ni dalili zipi zingenifanya nifikirie kingine. Lakini mzee ambaye uoni wake umekuwa ukififia taratibu, kisha akaanza kuona watu waliosimama kimya na wanaopotea akiwasogelea, hali yake inajulikana vizuri katika udaktari na ina jina lake.

Inaitwa hali ya Charles Bonnet. Bonnet alikuwa mwanasayansi wa Geneva, Uswisi. Mwaka 1760 aliandika habari za babu yake, mzee wa karibu miaka 90 aliyekuwa na mtoto wa jicho lakini akili zake timamu kabisa. Mzee huyo alikuwa akiona wanaume, wanawake, ndege, magari ya farasi na majengo, na alijua fika kwamba hakuna hata kimoja kilichokuwepo. Zaidi ya miaka 260 imepita, na wazee wa Shinyanga wanasimulia mambo yaleyale, isipokuwa wao wanaona watoto, ng'ombe, maua, au nyavu na vigae vilivyojipanga ukutani.

Chanzo chake ni hiki. Jicho hupokea mwanga na kuupeleka kama habari kwenye ubongo, na ubongo ndio unaotengeneza picha. Sehemu ya ubongo inayofanya kazi hiyo, iliyoko kisogoni, imezoea kupokea habari kutwa nzima. Macho yakififia, habari zinapungua, lakini sehemu ile hainyamazi. Inaanza kujitengenezea picha kutoka ndani. Ni kama mtu aliyekatwa mguu anayesema vidole vya mguu ule vinamwasha: mguu haupo, ila sehemu ya ubongo iliyokuwa ikiusikiliza bado ipo. Ndiyo maana taswira hizi huja zaidi jioni mwanga unapopungua, au mtu akiwa amekaa kimya bila shughuli. Ndiyo maana pia hazina sauti. Jicho halisikii, kwa hiyo ubongo unaotengeneza picha kwa sababu ya jicho hautengenezi maneno.

Huo si wazimu. Si dalili kwamba wazimu unakuja, wala si majini. Na mama yako amefanya jambo la ushujaa kumwambia wifi yako, kwa sababu wazee wengi wenye hali hii hufunga mdomo miaka na miaka wakiogopa kuitwa vichaa. Mpigie simu leo, akiwa peke yake, umwambie kwamba umeuliza kwa daktari wa macho na hali yake inafahamika. Wapo wazee ambao nusu ya mateso yao huisha siku wanaposikia maneno hayo tu.

Zipo pia mbinu ndogo za kuzifuta taswira zinapokuja. Awashe taa. Asimame kama amekaa. Apeleke macho haraka kutoka kushoto kwenda kulia na kurudi, kichwa kikiwa kimetulia, kwa nusu dakika hivi. Anyooshe mkono kugusa kile anachokiona. Kwa wengi taswira hupungua zenyewe kadiri muda unavyokwenda, na pale ambapo kinachoziba uoni kinatibika, mara nyingi huondoka baada ya matibabu.

Na kinachoziba uoni wa mama yako nadhani nakijua, kwa sababu umekitaja bila kujua: ile sindano. Ndani ya jicho, nyuma ya mboni nyeusi, kuna lenzi ambayo ujanani huwa angavu. Kwa miaka mingi protini zake hushikana, lenzi ikaanza kuwa ya njano, kisha ya kahawia au nyeupe. Huyo ndiye mtoto wa jicho. Kwa baadhi ya watu, kabla lenzi haijaziba kabisa, sehemu yake ya katikati huwa ngumu na huongeza nguvu ya kukunja mwanga, hivyo vitu vya karibu vinaonekana vizuri bila miwani. Bibi anachambua mchele mwenyewe, anatunga uzi, ukoo unamshukuru Mungu. Kumbe hiyo ilikuwa dalili ya kwanza ya mtoto wa jicho, na wakati uleule uoni wa mbali ulikuwa tayari umeanza kuondoka. Nawaomba wote wanaosoma hapa: mzee akiacha ghafla kuhitaji miwani ya kusomea, mpelekeni akapimwe.

Hilo la kutosalimia nalo ni la macho. Mtu mwenye mtoto wa jicho akitembea juani huona weupe mtupu, na sura ya mtu aliye mbele yake haioni. Anasubiri sauti. Wewe ukimpungia mkono kutoka ng'ambo ya barabara, yeye hajui kwamba kuna mtu. Kijijini, ambako salamu ndiyo heshima yenyewe, mzee wa namna hii huonekana amekuwa na kiburi au ana kinyongo, na yeye mwenyewe hajui kwa nini watu wamembadilikia.

Sasa niseme jambo zito, kwa sababu umetaja Shinyanga na umetaja macho mekundu. Unajua, na mimi najua, kwamba katika mikoa ya Usukumani wanawake wazee wameuawa kwa miongo mingi wakishukiwa uchawi, na wekundu wa macho umekuwa ukihesabiwa kuwa ushahidi. Wekundu huo unatokana na moshi wa kuni na kinyesi cha ng'ombe kikavu, uliovutwa katika jiko lisilo na dirisha kwa miaka 50 au 60. Unatokana na vumbi, na macho yanayokauka kwa umri. Kwingine unatokana na trakoma, ambayo wengi huiita vikope, inayofanya kope zigeukie ndani na kukwaruza kioo cha mbele cha jicho kila mtu anapopepesa. Mwanamke aliyepikia familia yake maisha yote anabaki na macho mekundu kwa sababu hiyo ya kupika. Ongeza maneno kwamba anaona watoto usiku, utaona jinsi habari hii inavyoweza kugeuka kuwa hatari.

Kwa hiyo usimamie habari zenyewe, kama utakavyosimamia matibabu. Wifi yako asigombezwe, alisema kwa hofu. Aelezwe ugonjwa, kisha arudi kwa jirani yuleyule na maelezo: mama ana mtoto wa jicho, anapelekwa hospitali tarehe fulani. Habari iliyonyooka yenye tarehe huua uvumi kuliko kukanusha. Kaka amwone mwenyekiti wa kitongoji na mtendaji wa kijiji, awaambie mapema kwamba mama ni mgonjwa wa macho. Pakitokea hata tishio moja, liwe la mdomo au ishara iliyoachwa mlangoni, msisubiri. Nendeni polisi na kwa ofisa ustawi wa jamii, na mama ahamishwe usiku huohuo.

Kuhusu mganga, ongea na kaka yako kwa upole, maana anataka mama apone kama wewe. Mkitaka kumwombea, mwombeeni. Ninachokiogopa ni vitu viwili. Cha kwanza ni ramli inayotafuta nani kamroga nani, ambayo serikali iliipiga marufuku mwaka 2015 na ambayo huanza na mgonjwa kisha ikaishia kwa mzee mwingine asiye na hatia, au kwa mgonjwa mwenyewe. Cha pili ni dawa ya kutia jichoni. Maji ya majani, maziwa ya mama, asali, mkojo, yote haya yanaweza kuingiza vijidudu, na kidonda kwenye kioo cha mbele cha jicho kikipona huacha kovu jeupe ambalo upasuaji wa mtoto wa jicho hauliondoi.

Na yale matone ya duka la dawa, mwambie aache, kisha mnisomee au mumsomee mhudumu wa kliniki jina lililo kwenye kichupa. Matone mengi yanayoondoa wekundu haraka yana dawa za jamii ya steroidi, kama deksamethasoni. Ni dawa nzuri mikononi mwa anayejua anatibu nini. Zikitumiwa kwa wiki na miezi bila kupimwa, hupandisha shinikizo ndani ya jicho kimyakimya na zenyewe huharakisha mtoto wa jicho. Hakuna tone lolote, la hospitali au la mitishamba, linaloyeyusha mtoto wa jicho.

Kabla ya safari, mjukuu anaweza kukufanyia kipimo rahisi. Mama afunike jicho moja kwa kiganja bila kulibonyeza, mjukuu asimame mita 6 mbele yake mchana, amwonyeshe vidole. Akishindwa kuvihesabu, asogee hadi mita 3. Jicho linaloshindwa kuhesabu vidole kwa mita 3 limefikia kiwango ambacho Shirika la Afya Duniani hukihesabu kuwa upofu. Kisha jicho la pili. Halafu ammulike kwa tochi ya simu kutoka pembeni: mboni inayoonekana nyeupe au ya kijivu badala ya nyeusi inaashiria mtoto wa jicho aliyekomaa. Mwisho, mjukuu asimame nyuma kidogo ya bega lake na kuleta mkono mbele polepole kutoka pembeni. Kama mama hauoni hadi ufike karibu na pua, mwambieni daktari hivyo, kwa sababu hiyo hainifanyi nifikirie mtoto wa jicho. Inanifanya nifikirie presha ya macho.

Presha ya macho ni ugonjwa mwingine kabisa, hata kama watu wanaichanganya na presha ya damu. Maji yaliyomo ndani ya jicho hayatoki vizuri, shinikizo linapanda, na mshipa wa fahamu unaopeleka habari kwenye ubongo unakufa taratibu kuanzia pembeni. Hauumi. Mtu anapogundua, sehemu kubwa ya mshipa imekwisha, na kilichopotea hakirudi. Dawa au upasuaji huzuia kilichobaki kisiondoke. Mzee mmoja anaweza kuwa na magonjwa yote mawili, na kisukari juu yake, ambacho huharibu retina nyuma ya jicho. Ndiyo sababu sitaki mtu yeyote amhakikishie mama kwamba akipasuliwa ataona kama kijana. Akipimwa shinikizo na daktari akaliangalia jicho ndani, ndipo ahadi itolewe, na itolewe kwa kiasi.

Hofu yake ya upasuaji naisikia karibu kila siku ya kliniki. Mwelezeni hatua kwa hatua. Jicho halitolewi. Linabaki mahali pake mwanzo hadi mwisho. Anachomwa ganzi pembeni mwa jicho, hiyo ndiyo sindano atakayoisikia. Daktari anafungua mlango mdogo pembeni ya kioo cha mbele, anatoa lenzi iliyochafuka, anaweka lenzi ya bandia mahali palepale. Kwa kawaida kazi haizidi nusu saa. Analala na bandeji, kesho yake inafunguliwa. Kama anauliza plastiki itakaaje jichoni bila kuoza, swali lake ni zuri, na liliulizwa na madaktari wenyewe. Harold Ridley, daktari wa macho wa London, aligundua kwamba vipande vya plastiki ya vioo vya ndege vilivyoingia machoni mwa marubani wakati wa Vita vya Pili vya Dunia vilikaa humo bila kulifanya jicho livimbe na kuwa jekundu. Mwaka 1949 akaweka lenzi ya kwanza. Tangu hapo mamilioni ya watu wanaishi nazo hadi kufa kwao.

Hatari zipo. Kubwa ni maambukizi ndani ya jicho, ambayo ni nadra lakini yanaweza kulimaliza jicho. Kwa hiyo baada ya upasuaji, maumivu yanayoongezeka, uoni unaorudi nyuma au usaha ni sababu ya kurudi hospitali siku hiyohiyo, bila kungoja tarehe ya miadi. Matone ya baada ya upasuaji huendelea kwa wiki kadhaa, na lazima pawepo mtu mwenye mikono safi wa kumtia. Hufanywa jicho moja kwanza, la pili baadaye. Na baada ya miezi au miaka, utando unaoishikilia lenzi ya bandia unaweza kupata ukungu. Watu husema mtoto wa jicho amerudi, lakini huo ni utando tu na hufunguliwa kwa leza.

Mtaambiwa msubiri mtoto wa jicho «akomae». Ushauri huo ulikuwa na maana zamani kwa upasuaji wa zamani. Leo wakati wa kupasuliwa ni pale uoni unapomzuia mtu kufanya mambo yake, na mama yako amepita hapo. Aliyekomaa kupita kiasi anaweza kuvimba au kuvuja na kuleta presha kali ya jicho, yenye maumivu makubwa.

Kumleta Dar? Kwa upande wa matibabu, sioni ulazima. Anzeni hospitali ya rufaa ya mkoa wa Shinyanga. Pigeni simu kwanza kuuliza siku za kliniki ya macho. Kinachoshindikana hapo kitapelekwa hospitali ya Bugando, Mwanza. Mama ana zaidi ya miaka 60, kwa hiyo aende na kitambulisho na aulize dirisha la wazee, kwa kuwa sera inampa matibabu bila malipo asipokuwa na uwezo, ingawa lenzi au dawa nyingine zinaweza kuhitaji mfuko wako. Apimwe sukari na presha ya damu kabla, maana zikiwa juu upasuaji utaahirishwa na nauli itakuwa imepotea. Nyumbani kwake anajua kila hatua hadi chooni. Kwako atakuwa mgeni gizani, na ngazi za nyumba asiyoijua zimewavunja nyonga wazee wengi. Mlete tu kama usalama wake unatiliwa shaka. Hapo sitakushauri vingine hata dakika moja.

Wakati mnasubiri miadi, nyumba ibadilike kidogo. Uji mweupe uwekwe kwenye kikombe cheusi au cha rangi nzito, hatamwaga tena kiasi hicho. Ukingo wa baraza na ngazi upakwe chokaa. Kamba ifungwe kutoka mlangoni hadi chooni. Vigoda, ndoo na majembe virudi mahali pamoja kila siku, maana anatembea kwa kumbukumbu. Anayemsogelea ajitaje jina kabla ya salamu, na mwambieni kila mtu anayelalamika afanye hivyo. Mkimwongoza, yeye ndiye ashike kiwiko cha mjukuu na kutembea nusu hatua nyuma. Msimvute mkono. Na msimpokonye kazi zote kwa huruma. Anaweza kukoboa maharage, kupukuchua mahindi, kubembeleza mtoto. Mzee aliyewekwa kivulini akae tu, baada ya miezi michache ataonekana amepoteza akili kwa sababu hakuna anayezungumza naye.

Nilikuahidi dalili zinazobadili mawazo yangu. Kama watoto wale wanaongea naye, wanamwamuru au wanamtisha, au kama anaamini wapo na anawapelekea chakula, au anasahau majina ya watoto wake, au baadhi ya siku amechanganyikiwa na siku nyingine yuko sawa, au ameanza kutetemeka na kukakamaa, aonane pia na daktari wa magonjwa ya ndani au wa afya ya akili. Kama kuchanganyikiwa kumekuja ghafla ndani ya saa au siku chache, hasa kukiwa na homa, hiyo ni dharura: malaria, maambukizi ya mkojo au mapafu, upungufu wa maji au sukari iliyoshuka. Vivyo hivyo jicho linaloacha kuona ghafla, linalouma sana na kuleta kichefuchefu, au linaloona pazia jeusi likishuka. Hayo hayangoji siku ya kliniki.

Jambo la mwisho linakuhusu wewe na kaka yako. Kama daktari atasema mama ana presha ya macho, hata ikiwa ndogo, ulizeni aliandika nini kwenye kadi na muitunze. Ugonjwa huo hutembea katika damu, na sisi Waafrika huupata mapema na kwa ukali kuliko watu wengi. Kila mtoto wake aliyefika miaka 40 apimwe shinikizo la jicho na mshipa wake, hata kama anasoma maandishi madogo bila shida, na kipimo kirudiwe kadiri atakavyopangiwa.